Ganzi Iliyompanda Notburga Kinunda Hadi Kifuani

Baba Paroko, wazee wetu wa Mkumbi mlioteremka milima yote ile tangu jana, wakwe, majirani wa Mbaha, na ninyi mliosimama kule juani kwa sababu viti vimekwisha, poleni sana, na familia inawashukuru kwa kuja. Historia hii inasomwa na Cleopa Nombo, shemeji wa marehemu, mdogo wa mumewe Meshack, naye ni fundi wa mitumbwi ambaye mtumbwi wake haujawahi kuvuja isipokuwa kwa uzembe wa aliyeununua. Amepewa kazi hii si kwa elimu, maana darasa la sita lilimshinda au yeye alilishinda, hilo halijaamuliwa mpaka leo, bali kwa sababu yote yatakayosomwa hapa aliyashuhudia kwa macho yake mawili, na yale yaliyotokea akiwa hajafika mahali pale aliwauliza waliokuwepo mpaka wakamkimbia, jambo ambalo kwa hesabu zake ni sawasawa na kuwepo.

Marehemu Notburga Kinunda alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 huko Mkumbi, Wilaya ya Mbinga, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Urbani Kinunda na Mama Luisa, ambao wote wawili wametangulia mbele za haki. Alizaliwa msimu wa kuchuma kahawa, mama yake akiwa ametoka shambani na kikapu bado kiko kiunoni, na waliokuwepo wanasema mtoto hakulia, alikodoa macho tu kama mtu aliyefika ugenini na kukuta mbwa mlangoni, mpaka mkunga akamfinya. Alikuwa mwoga tangu siku hiyo. Aliogopa radi, aliogopa bata mzinga wa misheni, aliogopa kuitwa jina lake lote, na juu ya woga huo Mama Luisa akampakia adabu, kwa sababu katika nyumba ile mkubwa akikuuliza hali unaitika kwanza kwamba ni salama, kisha ndipo, kama una mguu uliovunjika, unaanza kuueleza huo mguu, na mtoto aliyeanza na mguu alirudishwa nje kuingia upya.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1987 katika shule ya msingi ya hapohapo Mkumbi na kuhitimu darasa la saba mwaka 1993, akiwa na mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wake wa hesabu. Akiwa darasa la nne alishikwa na koo, homa ikapanda, magoti na viwiko vikavimba kwa zamu, leo hiki, kesho kile, na wazee wakasema mtoto anarefuka. Alipona, akarudi kuruka kamba na wenzake, na hakuna aliyejua kwamba maradhi yale yalipoondoka kwenye viungo yaliacha alama ndani ya moyo, kwenye mlango mmoja wa kupitishia damu.

Baada ya shule alifanya kazi na wazazi wake, akichimba ngolo, yaani yale mashimo ya kilimo mnayoyaona yamepangika kwenye miteremko ya Umatengo kama sega la nyuki, akapanda maharage na mahindi, akachuma kahawa, na kuanzia mwaka 1998 akawa anateremka na maharage kuyauza huku Mbaha ziwani na kupanda na usipa wakavu, dagaa wa ziwa letu, kuwauza kwao. Katika safari hizo Meshack Nombo alimwona gulioni, akanunua maharage, akarudi akanunua tena, mpaka nyumba yetu ikala maharage kwa mwezi mzima na mama yetu akauliza kama samaki wamehama ziwa. Walifunga ndoa takatifu tarehe 27 Oktoba 2001 katika kanisa la Mkumbi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Raimundi aliyezaliwa mwaka 2003, Beata aliyezaliwa mwaka 2007, na Glorious aliyezaliwa tarehe 19 Juni 2014, na ni kwa huyu wa mwisho ndipo msomaji anaomba mumvumilie, kwa sababu historia nyingine zote husema mtoto alizaliwa, zikapita, lakini hapa kupita haiwezekani.

Mwaka 2009 Notburga alianza kuishiwa pumzi akipanda kutoka ziwani na ndoo, akapimwa Mbinga, daktari akasikiliza kifua kwa muda mrefu mpaka Meshack akadhani amesinzia, kisha akasema mlango mmoja wa moyo umekakamaa na haufunguki vizuri, ameze dawa, apumzike, na asibebe mimba nyingine. Alimeza dawa. Lakini mwishoni mwa mwaka 2013 mimba ikaja bila kuomba ruhusa ya mtu, na ilipokua, pumzi ikawa fupi, miguu ikajaa, akawa halali ila ameketi, mgongo ukutani, akiwahesabia rozari watu wote aliowaogopea, na mwezi Juni akapelekwa hospitali moja kubwa ambayo familia imeomba isitajwe, akisindikizwa na Meshack, na dada yake Aurelia, na Cleopa.

Wodini kitanda cha jirani kilikuwa na mama mmoja jina lake Ida, aliyejifungua salama na sasa hana kazi ila kuwapa wenzake habari.

“Mwenzangu, wewe unachomwa ile ya mgongo?” Ida aliuliza. “Pole. Wifi yangu walimchoma, mpaka leo mvua ikitaka kunyesha yeye ndiye anayejua wa kwanza.”

“Si afadhali, anaanua nguo mapema,” alisema Aurelia.

“Cheka. Kuna mwingine wa kwetu, miguu haikurudi.”

“Ilikwenda wapi?”

“Haikurudi, dada. Haikurudi tu.”

Notburga alijifunika kanga mpaka puani, na Aurelia alipompapasa miguu kumtuliza alikuta vidole vya miguu vinacheza chini ya shuka, kimoja kimoja, kama mtu anayehakikisha mali yake bado ipo.

Mchana ule akaja daktari wa usingizi, Daktari Bernadi, mzee mwenye mvi na miwani iliyofungwa kwa uzi, akaketi pembeni ya kitanda, akaamkiwa na wote, akaitikia, na akaeleza kwa Kiswahili cha watu. Alisema moyo huu akiulaza usingizi mzito atauchosha, na akimwaga ganzi nyingi mgongoni kwa mpigo mmoja presha itaporomoka na moyo utabaki unapiga bure, kwa hiyo atatumia dawa kidogo, kidogo kweli, ndani ya ule mfuko wa maji unaozunguka mishipa ya fahamu mgongoni, na kwa kuwa dawa ndogo hivyo haiwezi kufika juu yenyewe, ataacha kimpira chembamba kama uzi wa mshipi nje ya mfuko ule, na kupitia hapo atasukuma maji ya chumvi, maji matupu yasiyo na dawa yoyote.

“Sasa maji matupu yatafanya nini, baba?” aliuliza Meshack.

“Umeshamnunulia mtoto barafu, ile ya kwenye kimfuko kirefu cha nailoni?”

“Nimenunua.”

“Mtoto anafanyaje ili apate iliyobaki chini?”

“Anaikamua chini, inapanda.”

“Ndiyo hivyo. Mimi nakamua kwa nje, ya ndani inapanda. Nataka ifike hapa,” akajigusa kifuani, usawa wa kalamu zake, “ili tukate tumbo bila maumivu, halafu ikome hapo.”

Notburga alishusha kanga. Kwa siku mbili alikuwa hajasema zaidi ya ndiyo na hapana, na sasa sauti ilitoka ndogo, “Na mtoto akikamua sana, baba, si inamwagika juu?”

Mzee Bernadi alimtazama kwa heshima, akasema, “Umeuliza vizuri kuliko wanafunzi wangu. Inaweza kupanda mno, ikalegeza mikono, ikalemea kifua, na wewe moyo wako hautaki mchezo huo. Ndiyo maana nasukuma kidogo kidogo, nakugusa na pamba ya baridi, nakuuliza. Mimi siwezi kuona ganzi, mama. Ganzi anaiona mwenye mwili. Nitakwenda kwa mdomo wako.”

Asubuhi ya tarehe 19 Juni, siku ya Alhamisi, Notburga aliingizwa chumba cha upasuaji, na kwa kuwa mhudumu wa machela alikuwa hajafika na Meshack alikuwa amekwenda kanisani kutapika na kusali, Cleopa ndiye aliyesukuma machela, akavalishwa buti jeupe na kofia ya kijani, akaambiwa na muuguzi aitwaye Rosa amshike mgonjwa mabega akiwa ameinama, akamshika, na baada ya hapo hakuna aliyemwambia atoke, wala yeye hakumkumbusha mtu. Alirudi nyuma hadi kwenye ukuta wa vigae, akasimama kama kabati. Kwa hiyo yale ya nje ameyaona yeye, na yale ya ndani ya kifua cha marehemu aliyasimulia marehemu mwenyewe, miaka mingi, akichambua usipa uani, kila mwaka kwa maneno yaleyale.

Chumba kilikuwa baridi. Notburga aliketi pembeni ya kitanda, kidevu kifuani, mto mapajani, tumbo limemjaa mbele, na aliposikia hatua za mzee nyuma yake akasema, “Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu, usitikisike.”

Sindano ilipita, akasikia msukumo, si maumivu, na hilo lilimwogopesha zaidi, kwa sababu maumivu alikuwa anayajua. Kisha joto likamshuka makalioni na mapajani, kama mtu aliyeingia maji yaliyochomwa na jua, na wakati wanamlaza, miguu ikaanza kuondoka. Aliiagiza kucheza vidole, vidole havikujibu, akaona kwa macho yake miguu miwili mbele yake juu ya kitanda na akashindwa kukubali kwamba ni yake, na hapo maneno ya Ida yakaingia sikioni yakaketi.

Mzee akagusa paja kwa pamba yenye spiriti. “Baridi?”

“Hapana, baba.”

Akagusa chini ya kitovu. “Hapa?”

“Baridi.” Hiyo ilikuwa kweli.

“Bado iko chini,” mzee akamwambia Rosa, na akaanza kusukuma maji kwenye kimpira, polepole, akiangalia mashine, na Notburga akahisi kuna kitu kinapanda mwilini bila miguu na bila kelele, kikapita nyonga, kikapita kitovu. Aligeuza shingo. Daktari wa upasuaji, kijana wa watu, alikuwa amesimama tayari, mikono miwili juu kama padre kwenye sala, na nyuma yake kitambaa cha kijani, na juu ya kitambaa visu vimepangwa kwa urefu. Notburga akapiga hesabu ya mwoga, nayo ilikuwa hivi, kwamba pale nitakaposema sisikii, ndipo watakapokata.

“Hapa?” Pamba ilikuwa juu ya kitovu.

Hakusikia chochote. “Baridi, baba,” alisema.

Mzee akakunja uso, akasubiri kidogo, akagusa tena. “Na hapa?”

“Baridi.”

“Unaendeleaje, mama?”

“Salama, baba.”

Basi mzee, ambaye alisema atakwenda kwa mdomo wa mgonjwa, akaenda kwa mdomo huo. Akavuta maji mengine, akasukuma mara ya pili, na safari hii kile kitu hakikutambaa, kilipanda kama mtu anayejua njia. Kilipita mbavu. Kilipita matiti. Notburga alikuwa anavuta hewa, akaona tumbo linapanda na kushuka, lakini kifua hakikumletea habari yoyote, na mtu asiyesikia kifua chake kinavyopumua hujiona hapumui, akataka kusema, na mzee akauliza tena, “Mama Raimundi, unaendeleaje?” na mdomo wa Notburga, uliofundishwa na Mama Luisa kwa kurudishwa nje kuingia upya, ukajibu wenyewe, “Salama.”

Ila neno lilitoka jembamba. Mashine iliyokuwa inalia tiki, tiki, ikaanza kulia kwa kuchelewa. Vidole vya mikono vikawashwa kama siafu, kisha siafu wakaondoka, akagusanisha kidole gumba na cha shahada asijue kama vimekutana. Mzee Bernadi akaweka vidole vyake viwili katika kiganja cha mgonjwa. “Bana.” Mkono wa Notburga, mkono uliochimba ngolo na kukamua nguo za watu watano, ulilala pale kama samaki mbasa aliyetolewa wavuni jana.

Mzee hakupiga kelele. Aliinama mpaka miwani ikakaribia kugusa uso wa mgonjwa, akasema, “Mwanangu, sikusalimii. Nakuuliza.”

Notburga alimtazama mzee machoni, jambo ambalo msomaji wa historia hii, anaapa mbele ya jeneza hili, hakuwahi kumwona akimfanyia mkubwa yeyote.

“Naogopa,” alisema Notburga, kwa sauti ya mtu aliye chumba cha pili. “Sisikii kifua. Sisikii mikono. Nimekudanganya, baba. Nimekudanganya tangu kitovuni.”

“Tangu kitovuni,” mzee alirudia, na uso wake ukabadilika rangi, kwa sababu sasa alijua maji aliyoyasukuma mara ya pili yalikuwa ya bure, na dawa iko wapi. “Asante. Rosa, oksijeni. Inua kichwa na mabega. Niletee dawa ya kupandisha presha, nidondoshe taratibu, taratibu, moyo huu usishtuke.” Barakoa ikawekwa. Mashine ikalia, ikanyamaza, ikalia. Mzee aliangalia namba zikishuka na akawa anaongea na moyo wa Notburga kama anavyoongea mtu na punda mlimani, haya, haya, twende, usisimame hapo.

“Nitakufa?” aliuliza kutoka ndani ya barakoa.

“Maji yameshafanya kazi yake, hayana nguvu ya kupandisha zaidi kama sisukumi, na sisukumi. Wewe unaweza kusema, na anayesema anapumua. Kwa hiyo nataka useme.”

“Niseme nini?”

“Unachoogopa. Ogopa kwa sauti. Ukinyamaza sitajua umefika wapi.”

Na daktari wa upasuaji akaambiwa akate, kwa sababu ganzi ya kukatia ilikuwepo na ya kubaki, na mtoto alikuwa hawezi kungoja, na hapo ndipo Notburga Kinunda, binti wa Mzee Urbani, ambaye kwa miaka thelathini na minne hakuwahi kumwambia mkubwa jambo baya kabla ya jambo zuri, alipoanza kuogopa kwa sauti, na sauti ikipungua mzee anamgusa shavu, “Endelea, mama, na lingine?”

“Naogopa hicho kisu.”

“Kimeshapita, hukukisikia. Na lingine?”

“Naogopa miguu haitarudi. Ida kasema.”

“Ida ni daktari?”

“Ida ni muuza vitumbua. Naogopa Meshack ataoa. Ataoa mwanamke wa kulekule ziwani asiyejua kupika maharage, ataweka maji mengi, Beata hatakula.”

“Na lingine?”

“Naogopa moyo. Nausikia shingoni. Naogopa mtoto halii, mbona halii?”

“Bado hajatoka, mpe nafasi. Na lingine?”

Akanyamaza. Rosa akaangalia mashine. Mzee akamgusa shavu mara mbili, tatu, “Mama Raimundi! Na lingine?” na kutoka ndani ya barakoa likatoka lile ambalo sisi wa Mbaha, watu wa maji, hatukulijua wala kulidhania.

“Naliogopa ziwa,” alisema. “Tangu siku niliyoolewa. Nikiosha vyombo naligeuzia mgongo, halafu naogopa kuligeuzia mgongo. Meshack akienda kuvua sipiki, naweka sufuria tupu jikoni ili mama mkwe asikie vyombo. Shemeji yangu Cleopa akisema mitumbwi yake haivuji ndiyo naogopa zaidi, mtu anayesema hivyo ana sababu.”

Daktari wa upasuaji akacheka ndani ya barakoa yake, uso ulicheka lakini mkono haukucheka, na Rosa akacheka, na kabati lililosimama ukutani halikucheka hata kidogo, na katikati ya hicho kicheko kikatoka kilio, kikali, cha mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake, mtoto wa kike, mwekundu, mwenye hasira. Notburga hakuweza kunyoosha mikono. Rosa akamlaza mtoto shavu kwa shavu na mama, kwa kuwa shavu ndilo lililokuwa bado linasikia, na hapo Notburga akalia, machozi yakaingia kwenye barakoa, na mzee akasema, “Lia, lia, hayo nayo ni maongezi.”

Mashine ikarudi kwenye tiki zake. Ganzi ikashuka kama ilivyopanda, kwa ngazi zilezile, kidole gumba kikarudi kwanza, kisha kiganja, kisha kifua kikaleta habari kwamba kinapumua na kilikuwa kinapumua muda wote, na miguu, mwisho kabisa, jioni, mbele ya Ida aliyeketi kitandani akishuhudia kidole kikubwa cha kushoto kikisogea, na Aurelia akamwambia, “Andika, imerudi.”

Kesho yake Daktari Bernadi alikuja, akaamkiwa, akavuta kiti, akamweleza Notburga bila ukali kwamba maji yale hupandisha ganzi mwanzoni tu, dawa ikiwa bado inatembea, na ikishashika mahali pake hata usukume ndoo haipandi, ila yeye alimfanya asukume mara mbili wakati bado inatembea, na kwa moyo wa mlango mmoja mbovu, walikuwa ukingoni. Alisema pia kwamba kosa ni lake vilevile, kwa kuwa aliuliza kama anavyouliza mpita njia, na tangu siku ile, alisema, hatamuuliza mgonjwa wa milima hii anaendeleaje, atamwambia bana mkono. Notburga akamwomba radhi. Mzee akasema radhi ipo, ila akamwagiza akikaa na watu wake asiwafiche.

Na hakutuficha, ndugu waombolezaji, huo ndio ushuhuda wa familia. Kwa miaka iliyobaki aliamkia na kuitikia kama mtu yeyote mwenye adabu, lakini ukimaliza salamu na kumuuliza kwa kweli, ulipaswa kuwa umeketi. Padre mmoja aliyekuwa hapa zamani alimuuliza mahubiri yameendaje, akaambiwa, na Dominika iliyofuata yakawa mafupi. Meshack akienda ziwani alimwambia usoni, “Baba Raimundi, naogopa,” na Meshack, ambaye zamani angecheka, akawa harudi na giza tena. Aliuza usipa Mbinga, alilea, alisomesha, alikuwa mweka hazina wa jumuiya ndogo, alirudi Mkumbi kila msimu wa kahawa kumsaidia dada yake, japo kwa kuketi na kuchambua tu, na Glorious alikua akiamini kwamba watoto wote huzaliwa huku mama zao wanaongea.

Kuanzia mwaka 2022 moyo ulichoka, miguu ikajaa tena, akawa mtu wa kliniki na wa vidonge vya kukojoza maji, na mwezi Februari mwaka huu wa 2025 alilazwa Mbinga, akaruhusiwa, akarudishwa tena tarehe 8 Machi, na siku ya Jumanne tarehe 11 Machi 2025, mchana, akiwa amezungukwa na mume wake, watoto wake na dada yake, aliitwa na Muumba wake, kwa utulivu mkubwa, bila woga wowote, uso ukiwa na tabasamu. Ameacha mume, watoto watatu, dada, kaka wawili na shemeji mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania tangu mwaka 2009 mpaka pumzi ya mwisho, na kwa namna ya pekee Daktari Bernadi, ambaye amestaafu na magoti yamemkatalia safari, lakini ametuma salamu na machozi yake kwa simu. Inawashukuru majirani wa Mbaha kwa kuni, maji na turubai, kinamama wauza usipa waliofunga meza zao siku tatu, wanajumuiya, wanakwaya, wavuvi walioacha nyavu nchi kavu kwa heshima yake, mafundi wenzake Cleopa waliotengeneza jeneza hili bila kulala, na ndugu wa Mkumbi waliokuja na mtoto wao moyoni na leo wanamwacha kwetu.

Hapo ilikuwa iishe. Lakini wakati mstari ule wa tarehe 11 Machi unasomwa, Glorious, pale alipoketi karibu na baba yake, aliinua macho, na yeye siku hiyo alikuwepo, na msomaji wenu alikuwa njiani kutoka Mbaha, hakuwepo. Mengine yote yaliyosomwa ni kweli, hata mnayoyatilia shaka. Hayo maneno kwamba alikwenda bila woga wowote, na tabasamu, Cleopa ameyatunga mwenyewe jana, kwa sababu aliona ndivyo wanavyoandika wengine, na kwa sababu alipofika yeye uso ulikuwa umeshafunikwa na hakuthubutu kufunua. Walivyosema Meshack na Aurelia ni hivi, kwamba Notburga aliogopa. Aliogopa sana. Alimwambia Meshack kwamba anaogopa, na Meshack hakumwambia usiogope, alipanda kitandani na viatu vyake, akamkumbatia kwa nyuma, akasema, “Sema, Mama Raimundi, nakusikia,” naye akasema, moja baada ya lingine, mpaka sauti ikawa ndogo, mpaka ikabaki midomo, na Glorious akaweka sikio kwenye midomo ile, na alichokisikia ni chake, hakuna atakayemuuliza.

Notburga, umeogopa vya kutosha, na kwa ajili ya wengi. Lala sasa kwa amani ya Bwana, tulia kabisa, zamu ya kuogopa ni yetu.